Mchanga Wanakozaliwa Kasa wa Kwale

Mbele ya kijiji cha Jego, pwani ya kusini ya Kenya, hakuna ufuo wa mchanga. Upande huu wa Vanga na Jimbo, karibu na mpaka wa Tanzania, bahari hukutana na mikoko. Maji yakijaa huzama kati ya mizizi, yakipwa huacha tope, na mto Umba, unaoanzia milima ya Usambara, huja kumwaga udongo wake papo hapo. Hii ni bahari ya malisho. Nje ya mikoko, kuelekea Sii na Wasini, kuna nyasi za bahari, na nyasi hizo ndizo chakula cha kasa wa kijani. Lakini kasa hatagi topeni. Anayelisha mbele ya Vanga, akifika wakati wa kutaga, hana budi kutafuta mchanga mkavu ulio juu ya alama ya bamvua, na mchanga wa namna hiyo katika pwani ya Kwale uko kaskazini zaidi: Funzi, Msambweni, Chale, Kinondo, Galu, Diani, Tiwi. Kwa hiyo wingi wa kasa wanaoonekana katika bahari ya kusini umefungamana na vipande vya ardhi ambavyo wavuvi wa kusini hawavioni kila siku. Historia ya kasa wa pwani hii imezoeleka kusimuliwa kama historia ya mwindaji. Ninavyoona mimi, sehemu kubwa ya historia hiyo ni ya mchanga, na tusipoisoma upande huo hatutaelewa kwa nini kuzuia uwindaji peke yake hakutoshi.

Uwindaji wenyewe una kumbukumbu ndefu, wala sina nia ya kuupunguza. Kitabu cha mabaharia wa Kigiriki kiitwacho Periplus, kilichoandikwa katika karne ya 1, kinataja kisiwa cha Menuthias, ambacho wengi hukidhania kuwa Pemba au Unguja, na kueleza kuwa watu wake walikuwa na mitumbwi na vyombo vya kushonwa, na kwamba walitega kasa kwa matenga yaliyofungwa kwenye milango ya maji kati ya mawimbi. Kitabu hichohicho, kikiorodhesha bidhaa za Rhapta, mji wa biashara wa pwani hii, kinataja magamba ya kasa pamoja na pembe za ndovu na za kifaru, na kuyasifu kuwa yanashindwa na yale ya India tu. Gamba lililotafutwa hasa ni la ng'amba, lenye mabaka ya manjano na kahawia, ambalo mafundi wa India, na baadaye wa Ulaya, walilitengenezea vitana, visanduku na mapambo. Katika karne ya 19 magamba hayo yalikuwa bado miongoni mwa bidhaa zilizopitia Unguja. Na wavuvi wa pwani walikuwa na ufundi wa ajabu: walimfuga chazo, yule samaki mwenye kinyonyo kichwani, wakamfunga uzi mkiani, wakamwachia karibu na kasa ili amng'ang'anie. Kazi ya mvuvi ilikuwa kuvuta uzi polepole, bila pupa. Frederic Holmwood, aliyekuwa afisa wa ubalozi wa Uingereza huko Unguja, aliandika juu ya uvuvi huo mwaka 1884. Kwa muda wa miaka karibu elfu mbili, basi, kasa waliwindwa kwa tenga, kwa chazo na kwa chusa, nyama ikaliwa, mafuta yakawa dawa ya kifua, na bado walibaki wengi kiasi cha kuifanya biashara iendelee karne baada ya karne. Jambo hilo halionyeshi kuwa uwindaji haukuwa na madhara. Linaonyesha kwamba kulikuwa na kitu nyuma yake kilichoendelea kujaza pengo.

Kitu hicho kilikuwa ufuo usioguswa. Kasa jike hutaga mayai mia moja na zaidi kwa shimo moja, hurudia mara kadhaa katika msimu, kisha hupumzika miaka miwili, mitatu au minne kabla ya kurudi. Hukadiriwa kuwa pengine mtoto mmoja kati ya elfu ndiye hufikia utu uzima. Mpango wa maisha kama huo hauwezi kufanya kazi bila shimo zuri. Mchanga uwe na unyevu wa kutosha ili kuta za shimo zisiporomoke, lakini usiwe wa kujaa maji, maana mayai hupumua na yakizama hufa. Uwe umelegea, usio na mizizi mizito. Uwe juu ya bamvua. Na joto lake ndilo huamua jinsia: karibu nyuzi 29 za Selsiasi huzaliwa madume na majike kwa pamoja, chini ya hapo madume huwa wengi, juu ya hapo majike. Kivuli cha kichaka kilicho nyuma ya ufuo, rangi ya mchanga, mvua za masika, yote huingia katika hesabu hiyo. Wazee walioupa jina mmea ule utambaao juu ya mchanga, wenye maua ya zambarau, waliuita mlakasa. Jina hilo linahifadhi ujuzi: mahali mlakasa unapoota ndipo mchanga umetulia, maji ya kawaida hayafiki, na kasa hupandia hapo.

Juu ya hayo yote kuna muda. Kasa wa kijani huchukua miaka ishirini na mitano, thelathini, wakati mwingine zaidi, kabla ya kutaga kwa mara ya kwanza, na anapokomaa hurudi kwenye eneo alikozaliwa. Hapa ndipo hoja yangu inaposimama. Tukihesabu viota vya mwaka huu katika ufuo wa Galu au Msambweni, hatuhesabu matunda ya juhudi za mwaka huu. Tunasoma hali ya mchanga wa zaidi ya robo karne iliyopita. Ufuo ulioharibiwa mwaka 1975 ulianza kudai deni lake karibu na mwaka 2005, wakati wengi wameshasahau jinsi ulivyokuwa.

Na ni katika miaka hiyohiyo ndipo Diani ilipogeuka. Kuanzia miaka ya 1960, na kwa kasi zaidi ya 1970, hoteli na nyumba za mapumziko zilipanda sambamba na ufuo, kiwanja kwa kiwanja. Msitu ulioota juu ya mwamba wa matumbawe na kufika karibu na maji ulikatwa ili bahari ionekane. Mlakasa ukafyekwa kwa sababu ulionekana kama magugu, mivinje ikapandwa, taa zikawashwa usiku kucha. Kila kimoja cha hivi kinagusa shimo la kasa kwa njia yake. Mtoto wa kasa akitoka usiku hufuata upande ulio mwangavu zaidi, ambao tangu kale ulikuwa bahari. Siku hizi mara nyingi ni baraza ya hoteli. Kisha zikaja kuta za kuzuia mawimbi, na hizi ndizo zilizoacha kovu baya zaidi. Mchanga wa pwani yetu hautulii mahali pamoja: kusi huusukuma kaskazini, kaskazi huurudisha kusini, na ufuo hupumua hivyo mwaka baada ya mwaka. Ukuta ukijengwa juu ya mchanga huo hulirudisha wimbi kwa nguvu, wimbi huondoka na mchanga ulio mguuni pa ukuta, na jirani asiye na ukuta huona ardhi yake ikiliwa hadi naye ajenge. Kasa akipanda usiku hukutana na mawe. Huenda akarudi baharini na mayai yake, au akachimba pale chini alipofika, na bamvua inayofuata ikayazamisha. Ikumbukwe kuwa msimu mkubwa wa kutaga hapa huangukia miezi ambayo kusi inaanza na bahari imechafuka. Ukuta uleule umewaumiza watu pia, kwa sababu mvuvi wa Diani aliyezoea kuvuta mtumbwi wake juu ya mchanga alijikuta akitafuta kichochoro cha kupitia kati ya viwanja viwili.

Mfano wa kulinganisha uko katika ncha ya pili ya bara letu. Pengwini wa Afrika hutaga katika visiwa vya Afrika Kusini na Namibia, na zamani walichimba mashimo yao ndani ya gwano, yaani tabaka nene la kinyesi cha ndege lililorundikana kwa karne nyingi. Katika miaka ya 1840 mamia ya meli zilifika kisiwa cha Ichaboe kuchota gwano hiyo kwa ajili ya mashamba ya Ulaya, na baadaye visiwa vingine vikakwanguliwa hadi mwamba. Mayai nayo yaliokotwa kwa wingi hadi mwaka 1967, lakini ndege aliyebaki hakuwa tena na mahali pa kujificha na jua kali, mvua na shakwe. Alitaga juu ya mwamba ulio wazi, na akishindwa na joto aliyaacha mayai. Leo wahifadhi huwawekea pengwini viota vya kutengenezwa badala ya gwano iliyosafirishwa zaidi ya miaka mia moja na hamsini iliyopita. Mwaka 2024 pengwini huyo aliwekwa katika daraja la viumbe vilivyo hatarini kabisa kutoweka. Ni haki kusema kwamba leo linalomuumiza zaidi ni uhaba wa dagaa baharini, na kiota kizuri hakimshibishi ndege mwenye njaa. Lakini ndege mwenye njaa ambaye pia hana shimo hupoteza na yai lile moja au mawili aliyojitahidi kuyapata.

Pingamizi la kwanza dhidi yangu ni Aldabra. Katika kisiwa hicho cha Ushelisheli kasa walichinjwa kwa miongo mingi kwa ajili ya nyama, hadi sheria ya mwaka 1968 ilipowalinda, na katika miaka arobaini iliyofuata viota viliongezeka mara kadhaa. Je, hiyo haionyeshi kuwa kisu ndicho kilichokuwa tatizo? Inaonyesha, kwa Aldabra. Ila fukwe za Aldabra hazikuwahi kujengwa. Walinzi walipoondoa kisu, mchanga ulikuwa palepale, na kasa waliozaliwa walikuwa na mahali pa kurudi. Kenya nayo ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori mwaka 1977 na kufunga biashara ya mazao yao mwaka uliofuata. Tulipata nusu ya kile Aldabra ilichopata, na nusu ya pili tukaijengea ukuta. Kisiwa cha Raine huko Australia kinathibitisha jambo hilohilo kwa upande wa pili: kasa hutaga huko kwa maelfu wakiwa wamelindwa, lakini umbo la ufuo lilipobadilika maji yakaanza kuzamisha mayai, hadi ikalazimu kusogeza mchanga kwa mashine ili kuuinua. Na mwaka 2018 watafiti walionyesha kuwa kati ya kasa wachanga waliotokana na fukwe za kaskazini za eneo hilo, zaidi ya asilimia 99 walikuwa majike, kwa sababu mchanga umekuwa wa moto mno.

Pingamizi la pili ni la wavu. Jarife na juya hunasa kasa wengi wakubwa, na kasa mmoja aliyekomaa ana thamani ya maelfu ya mayai. Hili nalikubali bila masharti: ulinzi wa ufuo unaomwacha jike afe wavuni miezi miwili baadaye ni kazi bure. Hata hivyo wavu umelaumiwa kupita sehemu yake kwa sababu mvuvi ni rahisi kumwona na kumkamata kuliko mwenye kiwanja. Mwaka 1995 Hifadhi ya Bahari ya Diani na Chale ilitangazwa rasmi na wavuvi wakaikataa, nayo ikabaki zaidi katika karatasi. Walikuwa na sababu, kwani waliombwa waache bahari huku ufuo ulio juu yake ukiendelea kugawanywa.

La tatu ni gumu zaidi. Alama za setelaiti zimeonyesha kuwa kasa wengi wanaolisha pwani ya Afrika Mashariki hutaga Ushelisheli au Komoro. Kama kasa wa mbele ya Vanga amezaliwa Mohéli, kisiwa cha Komoro, mchanga wa Msambweni una nafasi gani? Jibu ni kwamba malisho yanachanganya kasa wa fukwe nyingi, lakini kila ufuo una ukoo wake. Ukoo wa Kwale ukikatika, kasa wa Mohéli hatahamia Galu kuujaza. Watu wa Jego wataendelea kuona vichwa vya kasa vikichomoza majini kwa miaka mingi, na wingi huo unaweza kuficha kwamba wa nyumbani wamekwisha.

Wapo wanaosema mayai yahamishwe tu hadi mahali salama, na vikundi vya kujitolea vya pwani hufanya hivyo kwa uangalifu mkubwa pale kiota kinapokaribia kuzama. Nawaheshimu kwa kazi hiyo ya usiku. Lakini yai likigeuzwa baada ya saa chache tangu litagwe huweza kufa, na uwanja wa kuhamishia una joto lake ambalo nalo hupanga majike na madume. Tena uwanja huo unahitaji mchanga mkavu ulio juu ya bamvua, yaani kitu kilekile kinachopungua. Mahali kinapobaki kingi ni pale ambapo mtu alikatazwa kujenga. Kaya Kinondo, msitu mtakatifu ulioingizwa mwaka 2008 pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda katika orodha ya Urithi wa Dunia, iko karibu na ufuo, na wazee wa Kidigo walioukinga msitu ule hawakuwa wakifikiria kasa. Walikataza shoka kwa ajili ya makaburi na dua. Matokeo yake ni kipande cha pwani chenye giza usiku, miti nyuma yake na mchanga unaoweza kwenda na kurudi pamoja na kusi na kaskazi. Kasa atakayeanguliwa katika ufuo wa Kinondo mwaka huu hatarudi kutaga kabla ya miaka ya 2050.