Kutoka gunia la mahindi hadi kidonge cha malaria

Leo tuweke kando lugha za programu, tuongee historia kidogo.

Ukisafiri kutoka Kitale hadi Bungoma kupitia Webuye, utapita mashamba ya mahindi mpaka uchoke kuyatazama. Huku swali la kwanza la mnunuzi ni: yamekauka? Unyevu usizidi asilimia 13.5. Asiye na mashine hutia mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu, akatikisa. Chumvi ikinata kwenye chupa, mahindi bado yana maji.

Swali hilohilo ndilo lililozaa mashine zinazokagua vidonge viwandani. Mwaka 1800 huko Uingereza, William Herschel alipitisha mwanga wa jua kwenye prizma, akaweka themometa nje kidogo ya rangi nyekundu. Ikapanda! Kumbe pana mwanga usioonekana, ndio tunaouita infraredi. Miaka ya 1960, Karl Norris wa Wizara ya Kilimo ya Marekani akatumia sehemu yake iliyo karibu na nyekundu kupima maji kwenye nafaka. Maji humeza mwanga wa nanomita kama 1450 na 1940. Yakizidi, mwanga unaorudi unapungua.

Tatizo ni kwamba wanga, mafuta na protini nazo humeza mwanga, alama zikapandana. Norris akaiachia kompyuta hesabu ya kuzitenganisha. Hapa ndipo mimi, mtu wa programu, ninaponogewa.

Viwanda vya dawa vilifuata. Kwa kawaida fundi huchukua vidonge vichache, anavisaga na kuviyeyusha maabara, na hivyo vimeshaharibika. Kwa infraredi jibu huja kwa sekunde, na kidonge kinabaki kizima. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa mwongozo wa kuhimiza vipimo vya namna hii wakati uzalishaji ukiendelea. Kwetu, mwaka 2002 watafiti wa ICRAF, Nairobi, walikuwa wameshachapisha maktaba ya mwanga ya sampuli zaidi ya 1,000 za udongo wa Afrika mashariki na kusini.

Bungoma ni eneo la malaria. Kidonge kilichopunjwa dawa hufanana na kilicho sawa, na mama anayemnunulia mtoto dozi hawezi kuvitofautisha kwa macho.

Lakini tusidanganyane: mashine haijui dawa, inajua mifano iliyofundishwa. Vidonge vingi vina wanga wa mahindi ndani, na mwanga huu huona vyote: dawa, wanga, maji. Kiwanda kikibadilisha wanga, au kidonge kikivuta unyevu, hesabu inaweza kuyumba hata kama dawa imetimia. Na dawa ikiwa chembe tu ndani ya kidonge, huenda isionekane kabisa.

Kwa hiyo mkiletewa kijimashine cha kupima dawa, msianze na bei. Ulizeni: kilifundishwa kwa vidonge vya nani?

Haya, tuonane wiki ijayo.