Kata Fupi ya Mombasa

Ibn Battuta alipofika Mombasa mwaka 1331 aliona milangoni mwa misikiti visima vya kina cha dhiraa moja au mbili, watu wakichota kwa chombo cha mti chenye kijiti cha dhiraa moja. Mpwani anayesoma habari hiyo huona kata mbele ya macho yake. Kijiti kile kifupi nakihesabu kuwa ushahidi wa elimu. Kisiwa ni mwamba wa matumbawe. Mvua inayopenya humo huelea juu ya maji ya chumvi kwa kuwa ni nyepesi, na kata hukomba uso tu. Karne nyingi baadaye Ghyben wa Uholanzi na Herzberg wa Ujerumani waliiandikia hesabu: kila mita 1 ya maji matamu juu ya usawa wa bahari ina takriban mita 40 chini yake. Punguza ile moja, na chumvi itapanda.

Kwa hiyo anayejifunza kuiga mwendo wa maji hayo kwa kompyuta, tuseme kwa programu ya SEAWAT inayohesabu pia uzito wa chumvi, aanzie visimani Mji wa Kale. Mtu atasema kisima kirefu cha Fort Jesus, ambacho maji yake yalifaa kuoshea tu, hakithibitishi kwamba kina ndicho kinacholeta chumvi: ngome iko ukingoni mwa bahari, na huenda chumvi ililetwa na ujirani, si kina. Ni kweli, na historia peke yake haitenganishi mambo hayo mawili. Kompyuta hutenganisha: huukata mwamba vipande vipande, hukokotoa maji yanayopita baina yake, nawe ukabadilisha kina huku umbali ukibaki vilevile. Pingamizi zito zaidi ni kwamba kanuni ambayo kompyuta huitumia katika hesabu hiyo Henry Darcy aliipata kwa kupitisha maji kwenye mchanga, Dijon, 1856, ilhali matumbawe yana nyufa na mapango. Nakubali, na sitaamini utabiri wa kisima kimoja kimoja. Lakini visima vya karibu na bahari hupanda na kushuka kwa kujaa na kupwa. Modeli isiyoweza kuurudia mwendo huo, unaopimika kwa kamba yenye mafundo, itupwe.

Bomba la maji ya chemchemi za Mzima lilipofika mwaka 1957 visima havikufa; mifereji ikikauka, watu huvirudia. Siku hizi pampu imechukua nafasi ya kata, na vyoo vya shimo vimechimbwa katika mwamba uleule. Chumvi ulimi huionja. Uchafu unaosafiri kutoka chooni hadi kisimani, na siku unazochukua njiani, ulimi hauwezi kuupima.