Habari za Mpaka wa Msitu Katika Nchi ya Nyeri

Ndugu wanachama, taarifa yetu ya kila mwaka huwa na hesabu za fedha na habari za mikutano. Safari hii tumeona vema kuongeza historia ya jambo liwagusalo wengi wetu, nalo ni mpaka ulio kati ya mashamba na msitu. Nyeri imekaa baina ya misitu miwili mikubwa, Nyandarua upande mmoja na Mlima Kenya upande wa pili. Mito ya Chania na Gura hutoka Nyandarua, Sagana hutoka mlimani, na maji yake yote huishia katika mto Tana. Bila msitu hapana maji, na bila maji hapana chai, kahawa wala viazi.

Wazee wa zamani walipofyeka msitu ili walime, waliuacha mti wa mugumo usimame, maana chini yake walitoa sadaka wakielekea Kirinyaga. Msituni walichunga mifugo, wakatundika mizinga ya nyuki, wakatafuta kuni na dawa. Mpaka uliochorwa kwa kalamu haukuwapo.

Mwaka 1902 kituo cha Nyeri kilianzishwa, na mwaka huo huo serikali ya kikoloni ikaunda Idara ya Misitu. Msitu wa Mlima Kenya ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1932. Hifadhi ya Taifa ya Mlima Kenya ikafuata mwaka 1949, na ya Nyandarua mwaka 1950. Mipaka hiyo yote iliwekwa na serikali ambayo Mwafrika hakuwa na kura ndani yake. Hoteli ya Treetops ilijengwa juu ya mti mwaka 1932, na wageni wakalipa fedha ili wawatazame tembo usiku. Mkulima jirani alikesha bila malipo, akiwafukuza tembo hao hao katika mahindi yake.

Ubaya wa mpaka ule ulionekana zaidi wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952. Msitu ulipigwa marufuku, ndege zikautupia mabomu, na wanavijiji, wengi wao wanawake, wakalazimishwa kuchimba handaki refu ukingoni mwake na kulitia miti iliyochongwa, ili wapiganaji wasipate chakula. Dedan Kimathi alikamatwa ukingoni huko, karibu na Nyeri, tarehe 21 Oktoba 1956. Si ajabu basi kwamba baada ya uhuru watu wengi waliuona mpaka wa msitu kuwa kitu cha serikali, si chao.

Tangu mwaka 1910 hivi kulikuwa na mpango wa mashamba msituni. Mkulima asiye na ardhi alipewa kipande palipokatwa miti, akapanda mahindi na viazi huku akitunza miche ya misonobari, na miche ilipokua alihama. Mpango huo uliwalisha wengi, lakini usimamizi ulipolegea mashamba yalizidi kuingia ndani na miche haikutunzwa. Ulipigwa marufuku mwishoni mwa miaka ya 1980, ukarudishwa, ukakatazwa tena mwaka 2003. Marehemu Profesa Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe na mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 2004, aliupinga waziwazi, akisema ya kuwa msitu wa asili hauwezi kulimwa ukabaki msitu. Wasio na ardhi waliuliza watakula nini. Maswali yote mawili ni ya haki.

Mwaka 1999 Mlima Kenya ulikaguliwa kwa ndege, zikaonekana tanuri za makaa, mashamba ya bangi, na maelfu ya miti ya muthaiti iliyokatwa. Hayo yalitendeka ijapokuwa sheria na askari walikuwapo. Kwa upande wa Nyandarua, mwaka 1989 ulianza kujengwa ua wa nyaya za umeme, uliokamilika mwaka 2009 ukiwa na urefu wa kilomita 400 hivi. Ua huu hufuata ukingo wa msitu kama handaki la zamani, lakini kusudi lake ni jingine: unamzuia tembo asile mazao, na unamzuia mwenye msumeno asiingie kwa siri.

Hata hivyo ua hukatika, na nguzo huoza. Utadumu ikiwa tu jirani yake aona faida ya kuutunza. Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 iliruhusu vyama vya wenyeji kushiriki katika kutunza misitu na kupata kuni, malisho na asali kwa utaratibu. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa aliyeuawa na mnyama, ingawa malipo yamekuwa yakichelewa mno. Mwenye kungoja miaka mingi hawezi kuambiwa ampende tembo.

Kwa hiyo twawasihi wanachama wanaokaa ukingoni wajiunge na vyama hivyo, wahudhurie mikutano, na wadai hesabu. Na sisi tulio mbali, tunywao maji ya mito hiyo, yatupasa kuwaunga mkono wanapodai fidia, kwani gharama ya maji yetu wao ndio waliokuwa wakiilipa siku zote.