Mubirizi: majani machungu na kazi ya maabara

Mti mdogo tunaouita mubirizi, ambao wataalamu huuita Vernonia amygdalina, unajulikana sana mashariki ya Kongo, Rwanda na Burundi. Watu hutumia majani yake machungu kwa homa, minyoo na maumivu ya tumbo. Sisi wachungaji huulizwa mara nyingi: je, ni dawa kweli? Ili tujibu vema, inafaa tujue maabara hufanya nini.

Majani hukaushwa, husagwa, kisha hulowekwa katika maji au alkoholi ili vilivyomo vitoke. Kwa njia iitwayo kromatografia, kemikali hizo hutenganishwa na kutambuliwa. Katika mubirizi imepatikana luteolini, mojawapo ya flavonoidi, kemikali zinazoweza kukinga chembe za mwili zisiharibiwe. Kipimo kimoja hutumia DPPH, yenye rangi ya zambarau: ikigeuka manjano, ni ishara kwamba mmea una uwezo huo. Uwezo wa kutuliza uvimbe hupimwa kivingine, kwa mfano juu ya chembe hai zilizokuzwa maabarani.

Lakini sehemu za mti hazifanani. Mwaka 1987, katika milima ya Mahale, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Mohamedi Seifu Kalunde na Michael Huffman walimwona sokwe mgonjwa akiondoa majani na ganda la mti huu, akitafuna moyo wa tawi na kumeza maji yake machungu. Baadaye ilionekana kwamba majani na ganda vina vernodalini nyingi, ambayo ilikuwa sumu kwa panya wa maabara. Basi kusema "mti huu ni dawa" hakutoshi. Tuulize: sehemu gani, na kiasi gani?

Tena, rangi kugeuka ndani ya chupa si mgonjwa kupona. Kwa hiyo tunawaomba wapendwa: anayekunywa majani asiache dawa za hospitali, na amwambie muuguzi anachotumia. Mtoto mwenye homa apelekwe kwanza kituo cha afya apimwe malaria.

Huku si kudharau wazee wetu. Kalunde, Mtongwe aliyejua miti ya dawa, ndiye aliyemwambia Huffman kwamba mti ule hutibu. Maabara ilianza kwa kusikiliza. Nasi tusikilize pande zote mbili.