Mfumko wa Bei, Kodi na Nyumba ya Familia: Hukmu ya Deni na Zaka

Sifa zote njema ni za Allah. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake.

Wengi wetu visiwani hujenga kidogo kidogo: mwaka huu matofali, mwakani mabati. Mjenzi wa namna hii ndiye anayeumia zaidi na mfumko wa bei. Bei zikipanda asilimia 5 kila mwaka, shilingi milioni 10 zilizowekwa ndani kwa miaka 10 hubaki na nguvu ya kununua kama milioni 6 za mwanzo. Juu yake ipo kodi ya ongezeko la thamani (VAT), ambayo kiwango chake cha kawaida Zanzibar ni asilimia 15. Mfanyabiashara huirejesha kwa mteja wake. Anayejenga nyumba ya kukaa hana wa kumrejeshea.

Deni la kujengea

Ndugu akikukopesha milioni 5 ukapaua nyumba, kisha shilingi ikashuka thamani, unadaiwa ngapi? Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao cha Kuwait mwaka 1988, iliamua kuwa deni la fedha hulipwa kwa idadi yake, si kwa thamani yake. Basi ni milioni 5. Kushurutisha nyongeza kwa hoja ya mfumko wa bei ni riba.

Lakini mkopeshaji hakufungiwa mlango. Anaweza kukopesha dhahabu yenyewe kwa uzito, akarejeshewa uzito ule ule. Na mdaiwa akizidisha kwa hiari yake wakati wa kulipa, bila ya sharti wala ada, huo ni wema na ni Sunna.

Zaka

Nyumba unayoishi haina zaka, hata ikipanda bei mara kumi. Nyumba ya kupangisha haina zaka katika jengo lake. Zaka ni asilimia 2.5 ya pango lililobaki mkononi, likifika nisabu na kupitiwa na mwaka. Kodi ya serikali uliyokwisha kuilipa haihesabiwi, kwani si mali yako tena. Lakini haisimami mahali pa zaka.

Usia

Andikeni madeni na muweke mashahidi, hata baina ya ndugu wa tumbo moja. Nyumba nyingi za urithi zimegawa familia kwa sababu ya deni lisiloandikwa.

Wallahu a'lam.