Kazym na Haki ya Kukataa

Mto Kazym hushuka kutoka mashariki kwenda kuungana na mto mkubwa wa Ob, katika Siberia ya Magharibi, ukipita kwenye vinamasi na misitu ya misonobari. Kando yake, pale mto mdogo wa Amnya unapoingia, kipo kijiji kinachoitwa Kazym vilevile. Wenyeji wa bonde hili ni Wakhanti, watu wa kabila la wavuvi, wawindaji na wafugaji wa kulungu wa kaskazini, ambao lugha yao ni ndugu wa mbali wa Kihungaria. Leo Wakhanti wote ni takriban 31,000. Katika mkoa unaobeba jina lao pamoja na la jirani zao Wamansi, ni kama mtu mmoja katika kila mia.

Wageni walianza mapema kuwatangazia Wakhanti kwamba sasa wako huru kuiacha mila yao. Kuanzia 1712, Filofei Leshchinsky, kiongozi wa Kanisa la Orthodoksi kutoka Tobolsk, alishuka mito ya Irtysh na Ob akibatiza watu na kuchoma sanamu za miungu yao. Wengi walibatizwa. Kisha wakamchukua Mtakatifu Nikola, wakamtafutia nafasi miongoni mwa miungu ya zamani, na shughuli zikaendelea. Kuitikia mbele ya mwenye nguvu na kuamua baadaye nyumbani ni ufundi ambao Wakhanti waliujua vizuri.

Ufundi huo ulifika kikomo Kazym. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, serikali ya Kisovieti ilijenga hapo kituo cha utamaduni: hospitali, shule ya bweni, huduma ya mifugo, duka, na nyumba ya kukutania wenyeji. Haki itendeke: si kila kilichokuja kilikuwa kibaya, na baadhi ya walimu na madaktari walikuja kwa moyo safi. Lakini pamoja na hospitali zilikuja amri. Mganga alinyimwa kura. Mwenye kulungu wengi aliitwa kulaki, yaani tajiri mnyonyaji, akabanwa kwa kodi na mgao wa lazima. Watoto walitakiwa shuleni, wazazi wapende wasipende, na ugonjwa wa kuambukiza ulipozuka bwenini, wazazi walikuja wakawachukua watoto wao wakarudi nao msituni.

Maofisa walikuwa na hoja, na si hoja ya kupuuzwa. Walisema wamekuja kumwokoa mtu mmojammoja: mwanamke hasa. Mkhanti aliyeolewa alipaswa kufunika uso kwa shela mbele ya baba mkwe na kaka wakubwa wa mumewe. Mahari ilijadiliwa na wazee. Kulikuwa na vitu ambavyo hakuruhusiwa kuviruka, na mahali asipoweza kukanyaga. Hata jina halikuwa lake peke yake, kwa sababu mtoto alipozaliwa wazee walitafuta kwa ramli ni marehemu yupi aliyerudi ndani yake. Ukiyatazama haya kutoka ofisini, unaona minyororo mitupu.

Kilichowapita ni nafasi zilizoachwa wazi ndani ya mila yenyewe. Chukua sherehe ya dubu. Dubu akishauawa huletwa nyumbani kama mgeni wa heshima. Huimbiwa usiku baada ya usiku, tano kwa dume na nne kwa jike kwa kawaida, na wawindaji humwomba radhi. Kati ya nyimbo takatifu huingia wachekeshaji waliovaa vinyago vya gome la mti na pua ndefu, wakisema kwa sauti za kujigeuza. Hawa humdhihaki mtu yeyote: jirani bahili, mume mvivu, mfanyabiashara, ofisa. Aliyedhihakiwa haruhusiwi kukasirika. Jamii iliyompa kila mtu ruhusa ya kusema ukweli akiwa nyuma ya kinyago haikuwa imesahau kwamba mtu ana maoni yake. Ilikuwa imeyapangia wakati na mahali.

Serikali ilipiga marufuku sherehe hizo pia.

Ugomvi ulikolea kwenye ziwa Numto, mbali katika nyanda za juu, ambalo ni takatifu kwa Wakhanti na kwa jirani zao Wanenetsi vilevile. Uvuvi wa serikali uliingia humo. Kwingine watu wao walikuwa wamekamatwa. Wazee walitoa madai: waliofungwa waachiliwe, watoto wasilazimishwe shule, waliopokonywa haki warudishiwe. Mwishoni mwa 1933 ujumbe wa serikali ulipanda kwenda kuzungumza nao. Mmoja wa wajumbe alikuwa mwanamke, Polina Shneider, na masimulizi yanasema ujumbe huo ulifika kwenye kisiwa cha ziwa ambacho mwanamke hakuruhusiwa kukikanyaga. Mwezi Desemba wajumbe walikamatwa, wakauawa. Askari walifuata msimu uleule wa baridi. Mwaka 1934 washtakiwa walifikishwa mahakamani Ostyako-Vogulsk, mji ambao leo ni Khanty-Mansiysk. Baadhi walihukumiwa kifo, wengine vifungo.

Mauaji yale siyatetei. Shneider naye huenda aliamini kwa dhati kwamba kukanyaga kisiwa kile ni kuwafungulia mlango wanawake wa Kazym. Ila wanawake wa Kazym hawakuulizwa.

Kwa miongo kadhaa jambo hili lilizungumzwa kwa minong'ono. Mwandishi wa Kikhanti Eremei Aipin alilifanya riwaya mwaka 2002, na mtafiti wa Estonia Art Leete ameliandikia kitabu kizima. Katika miongo hiyohiyo shule za bweni zilishinda. Kila vuli helikopta zilizunguka kambini kukusanya watoto, na wengi walirudi wakiwa na Kirusi kizuri na mikono isiyojua kutengeneza sleji.

Lakini shule hizo hizo zilitoa watu ambao hawakutarajiwa. Tatiana Moldanova, aliyezaliwa Kazym mwaka 1951, alisoma hadi akawa mtafiti na mwandishi, na elimu hiyo akaielekeza kwenye urembo wa mavazi ya Wakhanti wa Kazym na kwenye ndoto zao. Yeye na wenzake walirekodi nyimbo za dubu wazee wakiwa bado hai. Huyu ndiye mwanamke huru ambaye maofisa wa 1931 walidai kumtafuta, na alitumia uhuru wake kuyahifadhi yale waliyotaka yafe.

Siku hizi swali la nani aulizwe limeandikwa kwenye mkataba, na chanzo chake ni gesi na mafuta. Mwaka 1953 gesi ililipuka kutoka kisima cha Beryozovo, si mbali kwa vipimo vya Siberia, na mabomba yakafuata. Beloyarsky, mji wa karibu na Kazym, ulikua kwa ajili ya gesi hiyo. Tangu 1992 mkoa unaziandikisha ardhi kwa jina la familia, na kampuni ikitaka kuchimba hujadiliana na familia hiyo: pikipiki ya theluji, mafuta, fedha kidogo. Numto ilifanywa hifadhi mwaka 1997, na mwaka 2016 mpango wa kubadili mipaka ya kanda zake ili kazi za mafuta ziingie vinamasini uliamsha upinzani.

Kwenye karatasi, kila familia inachagua yenyewe. Tatizo ni kwamba kulungu hawasomi mikataba. Kundi linahitaji kuhama kwa kilomita nyingi, na barabara iliyokubaliwa na jirani huwakatia njia kulungu wa yule aliyekataa. Ndiyo maana wapo wanaotia saini wakiwa hawataki, kwa kuwa anayekaa bila saini hupata moshi na barabara zilezile, bila pikipiki.