Mpaka wa Maji Ukihama, Nani Anapiga Kura?

Najua ukisikia "sheria ya kubadilisha mipaka ya wilaya za maji" kidole tayari kinataka kupita. Ngoja kidogo, hii stori iko na moto.

Twende California. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia watu walimiminika huko, na wilaya ndogondogo za maji zikachipuka kila kona. Mipaka ikawa vurugu tupu. Mwaka 1963 jimbo likapitisha sheria ya Knox-Nisbet, na kaunti zikawekewa tume ya mipaka, LAFCO. Siku hizi, wilaya ikitaka kuungana, kugawanyika ama kujitoa, lazima ipitie kwa tume: ombi, uchunguzi, kikao cha wazi.

Sasa cheki San Diego. Fallbrook, mji wa wakulima wa parachichi, ulikuwa kati ya waanzilishi wa mamlaka ya maji ya kaunti mwaka 1944. Baadaye mamlaka ikakopa kupanua bwawa, ikasaini mkataba wa kununua maji ya bahari yaliyotolewa chumvi, na bei ikapanda. Mwaka 2020 Fallbrook na majirani wao, Rainbow, wakaomba kuhamia wilaya ya kaunti ya pili, yenye maji nafuu.

Mamlaka ikateta: mnatuachia deni! Julai 2023 LAFCO ikakubali waondoke, kura 5 dhidi ya 3, lakini walipe karibu dola milioni 25. Oktoba gavana akatia saini sheria mpya, AB 399. Zamani walipiga kura wanaoondoka pekee. Kuanzia 2024, lazima ushinde kwenu na pia katika eneo lote la mamlaka, lenye watu zaidi ya milioni 3. Novemba hiyo Fallbrook na Rainbow wakawahi sheria ya zamani, na zaidi ya 90% wakasema ndiyo. Walitoka mlango ukifungwa nyuma yao.

Mimi naona mamlaka ilikuwa na hoja. Mkikopa pamoja halafu mmoja atoke, waliobaki wanabeba mzigo. Lakini dawa ya deni ni kulipa deni. Kuambia mji mdogo uombe ruhusa kwa mamilioni ambao bili zao zitapanda ukiondoka, hiyo si kura bana, ni kufuli.

Kwa hivyo ukiona mswada unaojiita "utaratibu tu", usiupite. Tafuta ule mstari mmoja unaosema nani anapiga kura. Hapo ndipo nguvu imejificha.